Mgeni na Kilicho Chake

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa sekondari anazijua, na ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kama zinagombana. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Darasani vijana wetu hufundishwa kueleza maana ya kila moja peke yake, nao hupata alama zao. Ni mara chache huulizwa swali lililo gumu zaidi, yaani mwenye nyumba azifuate vipi zote mbili kwa wakati mmoja. Je, ukarimu una mpaka? Na kama unao, ni nani auwekaye, mwenyeji au mgeni?

Swali hili si la mchezo. Vijana wengi huniambia kwamba ukarimu ulikuwa rahisi kwa babu zao, kwa sababu chakula kilitoka shambani na nyumba ilijengwa kwa mianzi iliyokatwa bondeni. Leo, wasema, kila kitu kinanunuliwa, nyumba ni ya vyumba viwili vya kupanga, na mgeni wa juma moja hula mshahara wa nusu mwezi. Hoja yao ina ukweli ndani yake, wala si haki kuipuuza kwa kuwaambia tu kwamba wameacha mila. Yatupasa tuichunguze. Katika kuichunguza nitatumia kisa kilichonipata mimi mwenyewe nyumbani kwangu, na ambacho sikutoka na sifa ndani yake.

Makandana ni sehemu ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Ni nchi ya mvua nyingi na baridi, ya migomba, chai, viazi na maparachichi, chini ya Mlima Rungwe ambao urefu wake unakaribia mita 3,000. Hospitali ya wilaya iko hapa hapa Makandana, na kwa sababu hiyo nyumba zetu nyingi zimezoea wageni wa aina moja: ndugu waliotoka vijijini kuja kutibiwa, au kuuguza, au kungojea siku ya kliniki. Mtu anayeishi Makandana hawezi kusema kwamba hajui mgeni ni nini.

Tena wenyeji wa nchi hii, yaani Wanyakyusa, walikuwa na mawazo yao mazito juu ya jambo hili. Bibi Monica Wilson, mtaalamu wa mila na desturi aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika. Alieleza jinsi wavulana walipofikia umri wa miaka kama 10 walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, rika moja pamoja. Lakini kula walikula bado kwa mama zao, na hapo ndipo palipo na fundisho: kijana hakwenda kula kwa mama yake peke yake. Alikwenda na wenzake, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama aliyempikia mwanawe aliwapikia na wale aliokuja nao. Furaha hiyo ya kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu waliiita ukwangala, na waliamini kwamba ndiko mtu anakojifunzia hekima. Kwa hiyo tangu zamani mgeni wa Rungwe haji peke yake. Huja na kilicho chake.

Sasa nieleze kisa chenyewe.

Mwezi Januari mwaka 2024 timu yetu ya taifa ilikuwa Ivory Coast katika mashindano ya Mataifa ya Afrika. Mashindano hayo yalikuwa ya mwaka 2023, ila yaliahirishwa kwa kuhofia majira ya mvua ya huko. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tu kwa Tanzania kufika fainali hizo. Mara ya kwanza ilikuwa Lagos mwaka 1980, tulipofungwa na Nigeria na Misri na kutoka sare na Ivory Coast. Mara ya pili ilikuwa Misri mwaka 2019, tulipofungwa michezo yote mitatu. Safari hii tulianza kwa kufungwa na Morocco mabao 3 kwa 0, tarehe 17 Januari. Yaani katika michezo saba, kwa muda wa miaka zaidi ya 40, taifa letu lilikuwa halijapata kuonja ushindi hata mmoja. Mchezo wa nane ulikuwa dhidi ya Zambia, Jumapili tarehe 21, saa mbili usiku kwa saa za hapa kwetu.

Nyumbani kwangu mna televisheni ya kadiri, na kwa desturi ya mtaa wetu milango ya mwenye televisheni haifungwi siku kama hiyo. Nilitarajia majirani wasiopungua 20. Lakini siku chache kabla yake alikuwa amefika baba yangu mkubwa, kutoka kijiji kimoja cha upande wa Masoko. Alikuwa na kliniki siku ya kwanza, akatakiwa arudi tena Alhamisi tarehe 25. Njia ya huko mvua ikinyesha haina huruma kwa mzee, kwa hiyo tukamwomba akae mpaka amalize. Mzee huyu ndiye aliyeuza ndizi zake nikasoma.

Hakuja peke yake. Alikuja na mjukuu wake wa miaka minane, mtoto wa binti yake, ambaye kwangu ni dada. Dada huyo alifariki mwaka uliotangulia. Na mtoto naye hakuja peke yake. Alikuja na mwanambuzi mweusi ambaye hakutimiza hata miezi mitatu, aliyekuwa akinyonya maziwa kwa chupa, na ambaye mtoto alimwita Tabu.

Mke wangu alipomwona mbuzi mlangoni alidhani ni zawadi, kama ilivyo ada ya mgeni wa heshima, akaanza kushukuru. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, “Si wa kula, shangazi. Ni wangu.” Tukacheka sote, na kwa kicheko hicho tukadhani tumekwisha kulimaliza jambo.

Msomaji aliyepata kufuga mbuzi ataelewa yaliyofuata. Siku ya kwanza Tabu alikula kitambaa cha kochi. Siku ya pili alikula miche ya mboga ya mke wangu. Siku ya tatu aliingia chumbani akatafuna madaftari mawili ya wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, tena kabla sijayasahihisha. Usiku alilia kwa baridi mpaka akaruhusiwa kulala sebuleni. Nilivumilia, na kila nilipovumilia nilijihesabia moyoni kama mtu anayeandika deni katika daftari la duka. Nawaomba vijana waliangalie neno hili, kwa maana ndipo ubaya wangu ulipoanzia. Uvumilivu unaohesabiwa si uvumilivu. Ni deni linalongoja siku yake.

Siku yake ilikuwa Jumapili. Sebule ilijaa, wengine wakakaa sakafuni, wengine wakasimama dirishani chini ya mwavuli. Baba mkubwa alipewa kiti cha mbele. Zamani mke wangu asingeweza hata kuingia chumba hicho, kwa maana mila ya Wanyakyusa ilimtenga kabisa mkaza mwana na baba wa mumewe. Siku hizi mila hiyo imelegea, ila heshima yenyewe imebaki, naye alikaa karibu na mlango wa jikoni. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga bao. Kelele za nyumba yangu zilisikika, nadhani, mpaka stendi. Dakika ya 44 mchezaji mmoja wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tukawa mbele kwa bao, na wapinzani wetu wakawa 10. Kipindi cha pili kilikwenda polepole kama mzigo mlimani. Dakika ya 80 ikapita, na watu wazima walikuwa wameshikana mikono.

Hapo ndipo Tabu, aliyekuwa amelala miguuni pa mtoto, aliposhtushwa na kelele. Akaruka, akajisokota katika waya uliopita sakafuni kati ya miguu ya watu, akauvuta. King'amuzi kikaanguka kutoka mezani, na televisheni ikawa giza.

Sitaki kuandika yote niliyosema. Nitaandika moja tu, kwa sababu ndilo lenye uzito. Nilimshika yule mbuzi shingoni, nikamtupa nje penye mvua, nikamwambia mtoto mbele ya watu wote: “Kesho tutamla.” Majirani wakacheka. Mtoto hakulia. Alitoka nje akamfuata mbuzi wake. Sisi tukainama kuunga waya, na king'amuzi kilipoamka tena baada ya dakika kama kumi, tukaona ubao umeandikwa 1 kwa 1. Patson Daka alikuwa amesawazisha dakika ya 88. Mchezo ukaisha hivyo. Watu wakaondoka kimya, na mmoja wao akasema kwa uchungu kwamba mbuzi yule ametuletea mkosi.

Alfajiri ya Jumatatu nilimkuta baba mkubwa mlangoni. Alikuwa amevaa koti, ameshika fimbo na mfuko wake, na mtoto amesimama nyuma yake akiwa amemfunga Tabu kwa kipande cha kanga. Kliniki ilikuwa bado siku tatu. Nikamwuliza, “Baba, kulikoni?” Akanijibu kwa upole: “Mwanangu, tumekula, tumelala, tunashukuru. Lakini mwenyeji akisema atakula mbuzi wa mgeni, hata kama ni utani, mgeni hulala macho wazi. Mtoto huyu hakulala.” Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimejishughulisha kuliuliza kwa siku zote zile. Mali yote aliyoacha marehemu dada yangu ilikuwa mbuzi jike mmoja. Mbuzi yule alikufa katika kuzaa. Tabu ndiye aliyebaki.

Ndipo nilipotambua nilichokuwa nimetamka mbele ya watu. Nilikuwa nimeapa kula mali ya yatima.

Natuyapime sasa mambo haya kwa utulivu, kama yanavyostahili kupimwa.

Kwanza, kuna atakayenitetea. Atasema kwamba furaha yangu ilikuwa halali, na hata majirani wangu walikuwa wageni. Je, haki ya watu 20 si kubwa kuliko ya mtoto mmoja na mnyama wake? Nakubali kwamba mpira ule haukuwa upuuzi. Sisi wa Tukuyu tunajua mchezo unavyoweza kuwainua watu. Mwaka 1986 timu yetu ya Tukuyu Stars, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilichukua ubingwa wa nchi nzima, na wazee wetu wanausimulia mwaka ule hadi leo. Lakini haki haihesabiwi kwa vichwa namna hiyo. Watu 20 walipoteza dakika kumi za kutazama. Mtoto mmoja alitishiwa kupoteza urithi wake wote. Kuweka vitu hivi viwili katika mzani mmoja na kusema cha wengi ni kizito zaidi ni kukosea mzani wenyewe.

Pili, kosa lilikuwa la nani? Mbuzi hana hatia, kwa sababu hatia hufuata akili. Aliyepitisha waya sakafuni katikati ya umati ni mimi. Aliyekataa kumjengea mnyama mahali pake kwa siku tano, akidhani kwamba kumvumilia kunatosha, ni mimi. Na kama mmoja wa wazee waliokuwapo angejikwaa katika waya ule ule, ningemwambia, “Pole, mzee,” nikauokota. Tendo ni lile lile na hasara ni ile ile, ila hasira ilimchagua asiyeweza kujibu. Hii ni alama ambayo vijana wanaweza kuitumia kujipima maisha yao yote: ukiona hasira yako inampita mwenye nguvu na kumtua mnyonge, jua kwamba haitafuti haki.

Tatu, lile neno la mkosi. Bao la Zambia lilifungwa San Pédro, maelfu ya kilometa kutoka Makandana, na aliyelifunga hakujua kwamba yuko mbuzi duniani aitwaye Tabu. Mtu mwenye elimu anaweza kuliona hili kama mzaha usio na madhara. Mimi silioni hivyo. Jamii inayotafuta wa kulaumiwa kwa kila huzuni haikawii kumpata, na aghalabu humpata katika mgeni, yatima, au mwanamke mzee asiye na mtetezi. Walimu tunao wajibu wa kuukata mzizi huu ungali mwembamba.

Nne, je, mgeni hana wajibu? Anao, tena mkubwa, na baba mkubwa mwenyewe alikiri asubuhi ile kwamba tangu siku ya kwanza ilimpasa kumfunga mbuzi kamba. Hapa ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, aliikumbusha nchi ile methali ya jembe ili kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya jadi hapakuwa na mahali pa mvivu wala mnyonyaji. Wengi wamekuja kuifanya methali hiyo kuwa namna ya kumfukuzia mgeni. La hasha. Ukimpa mtu jembe humfukuzi. Unamwonyesha shamba, na kumwonyesha mtu shamba ni kumhesabu kuwa wa nyumba hiyo. Anayefukuzwa hapewi jembe, huonyeshwa njia. Basi jembe ni hatua ya pili ya ukaribisho, ambayo mimi niliiruka. Nilimwacha mgeni wangu na mnyama wake wabaki wageni siku tano, bila mahali na bila kazi, huku nikiandika madeni moyoni.

Nilifanya nini basi? Nilimwomba radhi baba mkubwa, na hilo halikuwa gumu, kwa maana mila hutufundisha kuinama mbele ya wakubwa. Lililokuwa gumu ni kumwomba radhi mtoto. Wapo wasemao kwamba mtu mzima akimwomba radhi mtoto hujishushia heshima. Lakini nilimtisha mbele ya watu, na kosa lililotendwa mbele ya watu halifutwi kwa kunong'ona. Kwa hiyo jioni ile nilimwita jirani mmoja miongoni mwa wale waliocheka, na mbele yake nikamwambia mtoto: “Mpwa wangu, nilikosa. Mbuzi ni wako. Hapa hapana atakayemla.” Akanitazama kwa muda, kisha akauliza, “Hata mkifungwa?” Nikamjibu, “Hata tukifungwa.”

Kesho yake tulijenga kibanda kidogo cha mabanzi nyuma ya jiko, yeye akishika misumari na mimi nikigongomea. Tabu akapata kamba, majani na paa. Tangu hapo hakula daftari tena, si kwa sababu tabia yake ilibadilika, bali kwa sababu alikuwa amepewa mahali. Baba mkubwa aliweka mfuko wake chini akakaa mpaka kliniki yake ya Alhamisi.

Jumatano tarehe 24 timu yetu ilicheza na Kongo, saa tano usiku. Mtoto alikuwa amelala. Waya niliupitisha ukutani. Mchezo ukaisha bila bao, nasi tukatoka katika mashindano tukiwa na pointi mbili, bila ushindi bado. Baba mkubwa, ambaye hakuwa mfuatiliaji wa mpira, akauliza nani ameshinda. Nikamwambia hakuna. Akasema, “Basi kila mtu amelala na chake,” akaenda kulala.

Nawarudia sasa vijana walioniambia kwamba ukarimu ni wa zamani. Ni kweli kwamba mila hubadilika. Vijiji vya marika havipo tena, na mke wangu hukaa chumba kimoja na baba mkwe wake bila mtu kushangaa. Ni kweli pia kwamba mfuko wa mwenyeji una kima, na mgeni mwenye busara hukiangalia. Lakini gharama iliyonishinda mimi haikuwa ya unga wala ya nyama. Ilikuwa ni kumwuliza mtoto swali moja, siku ile ya kwanza mlangoni, alipotuambia kwamba mbuzi ni wake: “Umempata wapi?” Swali hilo halinunuliwi dukani. Maskini anaweza kuliuliza, na mwenye vyumba viwili vya kupanga anaweza kuliuliza.

Kwa hiyo mpaka wa ukarimu upo, nao huwekwa na watu wawili kwa mazungumzo, mwenyeji akionyesha mahali na mgeni akishika kamba. Lakini hauwezi kuwekwa na mwenyeji ambaye hajauliza mgeni wake amebeba nini, na kwa nini hawezi kukiacha nyuma. Asiyejua kilicho cha mgeni hajampokea mgeni bado, hata kama amemlaza kitandani pake.